Usiisugue sarafu kongwe kabla ya kujua daraja lake

KATIKA baadhi ya nyumba za Pwani, na bara vilevile, kuna kasha, mkoba au mkebe wa majani chai uliosukumwa chini ya kitanda, ambamo zimelala sarafu za zamani. Moja ina sura ya Malkia Victoria, nyingine ina simba aliyesimama mbele ya milima, na nyingine, kubwa kuliko zote, ina mwanamke aliyejitanda ushungi. Waliozichuma kwa jasho lao walikwisha kuiaga dunia, na warithi hawajui kama wameachiwa mali au vyuma vikuukuu.

Aghalabu mambo huishia katika mojawapo ya njia mbili. Ama sarafu hizo hupelekwa kwa sonara, zikatiwa kwenye mizani na kuuzwa kwa uzani wa fedha iliyomo. Ama husuguliwa kwa ndimu na majivu hadi zimetameta, ndipo zitafutiwe mnunuzi. Katika njia ya kwanza mrithi hulipwa thamani ya madini peke yake. Katika njia ya pili huiharibu kwa mkono wake ile thamani nyingine aliyokuwa akiitafuta.

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Thamani ya sarafu kongwe ya fedha husimama juu ya nguzo tatu: madini yaliyomo, uchache wa sarafu za aina yake, na hali ya uso wake. Nguzo mbili za kwanza huweza kutafutwa katika vitabu na orodha za wauzaji. Ya tatu haimo kitabuni. Sharti isomwe kwenye sarafu yenyewe, na usomaji huo ndio wataalamu wanaouita kupanga daraja.

Si elimu ya wazungu wa minada peke yao. Mtu yeyote mwenye macho mazuri, kioo cha kukuza, taa na subira anaweza kujifunza kiasi cha kutosha ili asipunjwe.

Sarafu zenyewe

Kabla ya kupima hali ya sarafu, ni lazima kwanza kujua ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Asiyeujua uso wa awali hawezi kusema ni kipi kilichopotea.

Katika karne ya 19, sarafu kubwa ya fedha iliyotembea katika biashara ya Pwani na Zanzibar ilikuwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ilikuwa na uzani wa gramu 28.07, na kati ya kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 zilikuwa fedha safi. Baadaye rupia ya India iliishinda nguvu. Rupia hiyo ilikuwa na uzani wa gramu 11.66, ambao ndio uzani wa tola moja, kipimo ambacho masonara wenye asili ya India wanakifahamu sana. Fedha safi iliyomo ilikuwa sehemu 917 kwa 1,000.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilipopewa kusimamia eneo hili, nayo ilitoa rupia yake yenye jina la Mombasa na mwaka 1888, ikiwa na uzani na ubora sawa na ile ya India. Herufi ndogo H iliyomo huonyesha kuwa ilifuliwa katika kiwanda cha Heaton, mjini Birmingham, Uingereza. Upande wa kusini, Wajerumani walifua rupia zao zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya vita.

Rupia ya India ndiyo iliyolipwa kwa vibarua walioijenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na iliendelea kutumika hadi mwaka 1920. Hapo iliondolewa na kuingizwa florini, ambayo nusu yake tu ndiyo iliyokuwa fedha safi. Florini haikudumu. Kuanzia 1921 zilifuliwa shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, kila moja ikiwa na uzani wa gramu 7.78 na robo tu ya fedha safi. Shilingi zilizofuliwa kuanzia 1948 hazikuwa na fedha hata chembe.

Hesabu hizi zina maana kubwa kwa anayetaka kuuza. Rupia kamili ina takriban gramu 10.7 za fedha safi, ilhali shilingi ya simba haifikishi gramu 2. Kwa hivyo anayeuza shilingi ya simba kwa uzani huondoka na pesa kidogo mno, hata kama sarafu yake ni ile ambayo mkusanyaji angeililia.

Majina yanayohadaa

Mfumo wa madaraja unaotumiwa na wafanyabiashara wengi wa sarafu ulitokana na maneno ya Kiingereza, nao hufupishwa kwa herufi. Kutoka chini kwenda juu, yale ya kawaida ni G, VG, F, VF, EF, AU na UNC.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. G ni ufupisho wa neno lenye maana ya "nzuri", lakini sarafu ya daraja hilo si nzuri hata kidogo. Imelika kiasi kwamba sura imebaki kama kivuli, ingawa maandishi na mwaka bado husomeka. VG ni afadhali kidogo. F, ambayo mtu angeifasiri kuwa "safi", ni sarafu iliyotumika kwa miaka mingi. Mistari mikuu ya mchoro ingalipo ila nakshi ndogondogo zimetoweka.

VF ni sarafu iliyotumika kwa kiasi: sehemu zilizoinuka zimesawazika, lakini nakshi nyingi bado zinaonekana. EF imeguswa kidogo tu, na ni ncha za juu kabisa za mchoro ambazo zimepoteza makali. AU ni ile ambayo dalili za matumizi ni za kutafutwa kwa kioo. UNC haikutumika katu sokoni.

Mwaka 1949, Mmarekani William Sheldon alibuni kipimo cha namba kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Baadaye kipimo hicho kilienezwa hadi kwenye sarafu nyinginezo. Kwa utaratibu huo, G huwa 4, VG huwa 8, F huwa 12, VF huanzia 20 hadi 35, EF ni 40 hadi 45, AU ni 50 hadi 58, na sarafu ambazo hazikutumika huanzia 60 hadi 70.

Kwa nini sarafu ambayo haikutumika isipewe 70 moja kwa moja? Sababu ni kuwa sarafu zilitoka kiwandani zikiwa zimerundikwa magunia kwa magunia. Ziligongana na kukwaruzana kabla hata ya kufika benki. Alama hizo za gunia si uchakavu wa mikononi, lakini hupunguza urembo, na kwa hivyo huishusha sarafu ndani ya ngazi hiyo ya juu.

Jinsi ya kutazama

Somo la kwanza ni la mkono, si la jicho. Sarafu hushikwa ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, wala haiguswi usoni. Jasho na mafuta ya vidole huacha alama ambayo baada ya muda huganda na kuwa doa la kudumu. Chini hutandikwa kitambaa laini ili ikiponyoka isigonge meza.

Taa moja yenye mwanga mkali hutosha, maadamu imewekwa upande mmoja. Mwanga wa kutawanyika wa dirishani au wa taa ndefu za dari huficha mikwaruzo. Kioo cha kukuza mara tano hadi kumi ndicho kinachofaa; kikizidi hapo, kila sarafu huonekana mbovu.

Kisha sarafu huinamishwa polepole huku na huko chini ya taa. Sarafu isiyotumika, au iliyotumika kidogo sana, huwa na ukanda wa mwanga unaozunguka juu ya uso wake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Mng'aro huo haukupakwa. Kalibu ilipoigonga fedha kwa nguvu, madini yalisukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni yakaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu. Ni mistari hiyo inayoucheza mwanga. Ikishalika au kusuguliwa, hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Baada ya mng'aro, jicho huenda kwenye sehemu zilizoinuka. Sarafu ikisuguana na vidole, meza na sarafu nyenzake, vilima vyake ndivyo huanza kulika, mabonde yakafuata mwisho. Kila aina ya sarafu ina vilima vyake, na kuvijua ndiko kujua kupanga daraja.

Mathalani, katika rupia ya Victoria mwenye taji, shavu, nywele zilizo juu ya sikio, vito vya taji na nakshi za vazi kifuani ndivyo vya kuchunguzwa. Iwapo nyuzi za nywele zinaweza kutenganishwa na maua ya vazi ni kamili ila yamepungua makali kileleni, hiyo inaelekea EF. Iwapo nywele zimeungana kuwa vifungu na maua yamebaki nusu, ni VF. Iwapo vazi limekuwa bapa na nywele zimekuwa donge moja, ni F. Na iwapo malkia amebaki kivuli chenye taji, hakuna budi kukubali kuwa imeshuka hadi VG au G.

Upande wa pili nao haupuuzwi. Katika rupia hiyo kuna shada la maua lililozunguka thamani na mwaka, na maua hayo hulika kabla ya herufi. Pande mbili zikitofautiana, mnunuzi mwangalifu hulipa kwa kufuata ule ulio dhaifu, au hutaja madaraja mawili, moja kwa kila upande.

Rupia ya George wa Tano ina kilima chake mashuhuri. Juu ya vazi la mfalme kuna mkufu wenye tembo mdogo. Katika sarafu za 1911, tembo huyo alichorwa vibaya hata watu wakamwona kama nguruwe, jambo lililowachukiza wengi nchini India. Sarafu nyingi ziliyeyushwa, na kuanzia 1912 mchoro ukarekebishwa. Leo tembo huyo humsaidia mpanga madaraja mara mbili: hutofautisha miaka, na pia hufifia mapema sarafu ikitumika.

Katika shilingi za Afrika Mashariki, vya kutazamwa ni manyoya ya shingo ya simba, bega na paja lake. Manyoya yakitenganika nyuzi kwa nyuzi, hiyo ni sarafu ya daraja la juu. Simba akiwa laini kama sabuni iliyotumika, imeshuka. Upande wa George wa Tano, vito vya taji, nyusi na ndevu ndivyo vinavyotoa ushahidi.

Uchakavu au pigo hafifu?

Kuna mtego ambao humnasa hata mwenye uzoefu. Si kila sehemu iliyo bapa imelika. Wakati mwingine kalibu yenyewe ilikuwa imechoka kwa kufua maelfu ya sarafu, au pigo la mtambo halikuwa na nguvu ya kutosha, hivyo madini hayakuijaza michoro yote. Sarafu ya namna hiyo ilizaliwa ikiwa na simba asiye na manyoya.

Tofauti hutambuliwa kwa mwanga. Sehemu iliyolika hupoteza mng'aro na kuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kwa kuwa ile mistari midogo imefutika. Sehemu iliyopigwa hafifu huwa bapa lakini ingali na mng'aro uleule wa mahali pengine. Kadhalika, uchakavu hugusa vilima vyote kwa kadiri inayolingana, ilhali pigo hafifu huweza kuonekana mahali pamoja huku sehemu jirani iliyoinuka sawasawa ikiwa kamili.

Asiyejua tofauti hii huweza kuuza UNC kwa bei ya VF. Na mnunuzi mjanja anayeijua huenda asimweleze.

Weusi si uchafu

Fedha hubadilika rangi inapokutana na salfa iliyomo hewani, kwenye mbao, vitambaa, karatasi na mipira. Kwanza huwa ya manjano hafifu, kisha kahawia, samawati au zambarau, na hatimaye nyeusi. Shilingi ya simba, ambayo sehemu kubwa ya madini yake si fedha, husawijika hata zaidi na mara nyingi huwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia.

Utando huo si uchafu wala si ugonjwa. Wakusanyaji wengi huupenda kwa sababu ni ushahidi kuwa uso wa sarafu haujaguswa kwa miaka mingi. Utando uliotulia vizuri, wenye rangi zinazoingiliana taratibu, huweza kuongeza bei.

Ndiyo maana kusugua ni msiba. Majivu, dawa ya meno, mchanga na waya wa sufuria huchimba mikwaruzo mipya na kuifuta mistari inayobeba mng'aro. Ndimu nayo hula uso kwa asidi. Sarafu hutoka ikiwa nyeupe na kumetameta, mwenyewe akafurahi, kumbe ameishusha. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Na katika sarafu, king'aacho mno hutiliwa shaka kwanza.

Sarafu iliyosuguliwa hujulikana kwa dalili tatu. Kwanza, mikwaruzo yake myembamba hulala upande mmoja au huzunguka kwa kufuata mkono wa aliyesugua. Pili, uso huwa mweupe ilhali weusi umebaki umejificha kandokando ya herufi. Tatu, ikiinamishwa chini ya taa, ule ukanda wa mwanga hauzunguki. Sarafu huwaka yote mara moja kama kipande cha bati.

Wauzaji waaminifu hutaja daraja la sarafu hiyo kwa nakshi zilizobaki, kisha huongeza kuwa imesafishwa, na bei hushuka. Wengine hunyamaza. Mjuzi wa kusoma uso wa sarafu hahitaji kuambiwa.

Ikiwa sarafu ina udongo, inaweza kulowekwa katika maji yaliyotoneshwa yasiyo na chumvi, kisha ikakaushwa kwa kugusishwa kitambaa laini bila kusuguliwa. Kisichotoka kwa maji kiachwe.

Matundu na lehemu

Katika ukanda huu, sarafu ya fedha haikuwa pesa peke yake. Ilikuwa pia pambo na akiba. Riale na rupia zilitobolewa zikatungwa mikufu, au zilitiwa vikuku kwa lehemu, zikavaliwa harusini na kurithishwa mabinti.

Kwa mpanga madaraja, tundu ni dosari nzito ambayo haipimwi kwa ngazi ya kawaida. Sarafu hutajwa kwa daraja la sura yake, kisha huongezewa neno kuwa imetobolewa. Tundu lililozibwa hutambuliwa kwa kukagua karibu na ukingo, mahali ambapo rangi ya madini hubadilika au herufi hupinda. Alama ya lehemu hubaki ukingoni kama uvimbe au doa lisiloshika rangi sawa na kwingineko.

Hata hivyo, haifai kuharakisha kuivunja mikufu hiyo ili kuuza sarafu mojamoja. Sarafu iliyotobolewa, ikiwa peke yake, ina thamani ndogo kwa mkusanyaji; lakini ikiwa ndani ya pambo kamili lenye historia ya familia, hilo ni jambo jingine. Pambo lina wapenzi wake, na lina maana kwa wenyewe ambayo mizani haiwezi kuipima.

Mizani na jicho vikubaliane

Daraja ni la sarafu halisi. Ya bandia haina daraja. Kwa hivyo kupima uhalisi huandamana na kupima hali. Fedha haivutwi na sumaku, lakini kipimo hicho huondoa bandia za chuma pekee. Bandia iliyomiminwa katika kalibu ya mchanga huwa na vitundu vidogo vya hewa usoni, herufi zisizo na makali, na pengine mstari wa muungano kuzunguka ukingo.

Mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu ni rafiki mkubwa, hasa uzani unapolinganishwa na daraja. Rupia iliyolika hadi F au G ni kawaida kuwa imepungua kidogo chini ya gramu 11.66, kwa kuwa madini yaliyotoweka usoni yametoweka pia kwenye mizani. Lakini rupia yenye nywele na maua kamili ikiwa na uzani wa gramu 10.8, kuna walakini. Sura yake husema haijatumika, mizani husema vingine, na mmoja wao anadanganya.

Kipimo kingine ni cha maji. Rupia kamili ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo, huonekana kupungua takriban gramu 1.13. Tofauti ikiwa kubwa waziwazi, madini yake si fedha ya kiwango kile.

Riale ya Maria Theresa inahitaji uangalifu wa namna yake. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu hiyo iliendelea kufuliwa kwa mwaka uleule wa 1780, si Vienna pekee bali pia katika miji mingine kama vile Roma, London, Paris na Bombay. Kwa hivyo mwaka ulioandikwa hausemi umri wake. Riale ing'aayo yenye daraja la juu huenda ilifuliwa katika karne ya 20. Wafanyabiashara wa zamani wa Arabuni na Uhabeshi waliikagua kwa kutazama lulu za kibandiko cha begani na za kichwani. Zikiwa zimefutika, waliikataa. Nao bila shaka walikuwa wakipanga madaraja kwa njia yao.

Kujifunza na kutunza

Njia bora ya kujifunza ni kukusanya sarafu kumi au zaidi za aina moja, hasa zile za bei nafuu kama shilingi za simba za miaka ya 1920, na kuzipanga kutoka iliyolika zaidi hadi iliyo kamili zaidi. Kila moja huandikiwa daraja kwenye karatasi, kisha karatasi hufichwa. Baada ya wiki moja, zoezi hurudiwa bila kutazama majibu ya awali. Anayeanza hushangaa jinsi anavyojipinga mwenyewe. Kadiri tofauti zinavyopungua, ndivyo jicho linavyokomaa.

Hata wataalamu hawapatani daima. Nchini Marekani kulianzishwa makampuni ya kupanga madaraja kwa malipo, yakiwemo Professional Coin Grading Service mwaka 1986 na Numismatic Guaranty mwaka 1987. Makampuni hayo huifunga sarafu ndani ya kisanduku cha plastiki chenye namba. Hata hivyo, sarafu ileile ikirudishwa, huenda ikapewa namba tofauti kidogo. Daraja ni maoni ya jicho lililofunzwa, na anayeuza ana haki ya kutafuta maoni zaidi ya moja. Mnunuzi anayekataa sarafu ikaonwe na mwingine amejitangaza mwenyewe.

Katika kutunza, mifuko laini ya plastiki ya PVC iepukwe, kwa sababu hutoa majimaji yanayoacha utando wa kijani unaonata. Mipira ya kufungia pesa nayo huacha mstari mweusi usiofutika. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, sarafu moja kwa kila bahasha, mahali pakavu mbali na upepo wa chumvi, hutosha.

Sheria nayo isisahauliwe. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika ambacho kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu au hati, na kitu kama hicho hakiwezi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 imebeba usoni mwake mwaka unaoiingiza katika kundi hilo, tofauti na shilingi ya simba ya 1921. Kwa hivyo anayeshawishika na mnunuzi wa ng'ambo hana budi kuwauliza kwanza maafisa wa Makavazi ya Kitaifa.

Sarafu zilizomo kashani zimevumilia mikono ya makuli wa bandarini, wachuuzi, vibarua wa reli na akina nyanya waliozifunga kwenye pindo la leso. Kila mkono ulizipunguza kidogo, na alama za kupungua huko ndizo mpanga madaraja anazozisoma. Mrithi anaweza kuziuza, kuzihifadhi au kuzigawa kwa ndugu zake. Hiyo ni hiari yake. Lakini kabla ya kufika kwa sonara, na kabla ya kuikata ndimu, na awashe taa, aishike sarafu ukingoni, na aitazame.